Kutoka Kashiwa hadi Yokohama: wiki za mwisho za msimu wa 2019

Jumamosi, 23 Novemba 2019. Chofu, Tokyo

Ndege ilitua Narita jana usiku, na leo mchana tayari nimelowa. Mvua ya Novemba hapa si kubwa, ila haina haraka ya kwisha. Kaka kanikabidhi koti la plastiki kabla hata hatujatoka nyumbani, maana ukishakaa kwenye kiti cha uwanja hutakiwi kufungua mwavuli ukamziba aliye nyuma yako.

Kaka ni mtoto wa mama mkubwa. Anasoma huku, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Tokyo iliyoko Kashiwa, na mimi nimekuja kumsalimia. Salamu zenyewe, nisidanganye, tumezipanga kwa kufuata ratiba ya ligi ya mpira wa miguu. Msimu huu wa Japani ulianza Februari na utaisha Desemba: timu 18, mechi 34 kwa kila timu. Zimebaki raundi tatu, na timu iliyo juu ni FC Tokyo, ambayo haijawahi kuchukua ubingwa wa ligi. Ina pointi 62. Yokohama F. Marinos wana 61.

Tumepanda treni ya Keio kutoka Shinjuku hadi Tobitakyu na kuufuata umati wa jezi za bluu na nyekundu. Ndani ya uwanja wao, Ajinomoto, nilitegemea shangwe ya watu waliorudi nyumbani, na shangwe ipo kweli, lakini ina uchovu fulani. Kaka akanieleza. Kombe la Dunia la raga limechezwa hapa Japani kuanzia Septemba 20 hadi Novemba 2, na uwanja huu ulikuwa mmojawapo. FC Tokyo wakafukuzwa kwao: mechi nane za ligi mfululizo ugenini, tangu Agosti mpaka mapema mwezi huu. Na kabla ya hapo, Juni, kinda wao Takefusa Kubo alishachukuliwa na Real Madrid. Pamoja na yote hayo wamerudi wakiwa kileleni.

Wageni leo ni Shonan Bellmare, wanaopigana wasishuke daraja, na ndio waliotangulia kufunga. Tokyo wakasukuma kipindi chote cha pili kama mlango umegoma. Dakika za nyongeza beki Masato Morishige akasawazisha, 1-1, na jirani yangu, mzee wa miaka kama sabini, akaruka hadi kofia ikaanguka chini ya viti. Furaha haikudumu. Simu zikaanza kutazamwa: Marinos wameshinda 1-0 kule Matsumoto. Sasa wao 64, Tokyo 63.

Njiani kurudi kila mtu analaumu raga. Nilimwambia Kaka kwamba mechi hizo nane walizikimbia vizuri tu, wakatoka nazo wanaongoza. Leo walikuwa kwao, mbele ya watu wao, dhidi ya timu ya mkiani. Akanitazama. "Mdogo wangu, umefika jana, umeshaanza uchambuzi?"

Jumapili, 24 Novemba. Kashiwa, halafu Saitama

Leo niandike kwa kirefu, hata kama mkono utauma.

Kwanza nieleze kwa nini Mtanzania anakwenda kutazama mechi ya daraja la pili katika mji ambao wageni wengi wanaupita tu kwa treni. Sababu ni Michael Olunga. Sisi Dar tunamkumbuka tangu Kombe la Kagame la 2015, alipokuja na ile Gor Mahia iliyochukua ubingwa wa Kenya mwaka huo bila kufungwa hata mechi moja. Waliifunga Yanga 2-1 siku ya ufunguzi, na ilibidi Azam waje wawanyamazishe kwenye fainali, 2-0. Baadaye akapita Sweden, China na Girona ya Hispania, kisha Agosti 2018 akatua Kashiwa Reysol. Msimu huohuo Kashiwa wakashuka daraja. Yeye akabaki.

Na Juni mwaka huu, Cairo, kwenye AFCON, tuliongoza dhidi ya Kenya mara mbili. Mara mbili! Ikaisha 3-2 kwao, na mabao mawili ni ya huyohuyo, likiwemo la ushindi.

"Kwa hiyo umesafiri bara zima kumshangilia aliyetuliza?" Kaka ananiuliza huku tunatembea kutoka stesheni.

"Kaka, ya Cairo yaliishia Cairo."

Uwanja wa Kashiwa watu wanauita Hitachi-dai. Ni mdogo, unachukua kama watu elfu 15, na umekaa karibu na nyumba za watu. Ukiwa nyuma ya goli unasikia kipa anavyomfokea beki wake. Hauna njia ya kukimbilia kati yako na nyasi, na ukinyoosha mkono sana unaweza kumsumbua mpiga kona. Jina linatokana na kampuni ya Hitachi, ambayo timu ilikuwa yake. Hapo ndipo Kaka alipoanza somo ambalo limenikaa kichwani siku nzima. Kabla ya 1993 mpira wa Japani ulikuwa wa makampuni. Nissan walikuwa na timu, Mitsubishi timu, Toyota timu, Mazda timu, Hitachi timu. Ligi ya kulipwa ilipoanza, klabu zilitakiwa ziwe na makwao: zibebe jina la mji, zilee watoto wa mji, zitafute watu wa mji. Ndivyo Mitsubishi wakawa Urawa Reds, Matsushita wakawa Gamba Osaka, Mazda wakawa Sanfrecce Hiroshima. Hitachi wakawa Kashiwa Reysol.

Nikawaza ligi yetu, Mtibwa Sugar, Kagera Sugar, Azam, Prisons, JKT. Na kwa jirani, Tusker, KCB, Bandari, Ulinzi. Sisemi ni vibaya. Bila viwanda na majeshi baadhi ya vijana wetu wasingepata hata viatu. Ila Hitachi-dai leo nimemwona bibi mwenye skafu ya njano akigawa machungwa kwa watu asiowajua, na sidhani alikuja kwa ajili ya kampuni ya umeme.

Mechi yenyewe. Kashiwa tayari ni mabingwa wa J2, yaani daraja la pili, na wameshapanda. Kocha wao ni Mbrazili Nelsinho Baptista, yuleyule aliyewapa ubingwa wa ligi kuu 2011 mara tu baada ya kupanda. Wageni, Kyoto Sanga, wamekuja na hesabu ya kuingia mchujo wa kupanda. Kwa hiyo aliyekuwa na haja ya mechi ni Kyoto. Kashiwa walikuja kuaga.

Wameaga kwa 13-1.

Nimeandika sawasawa, kumi na tatu. Olunga peke yake kafunga manane. Hakuna aliyewahi kufunga manane katika mechi moja ya ligi hizi za Japani tangu zianze. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, mkono mmoja ukaisha, nikahamia wa pili, Kaka akacheka hadi machozi. Si kwamba alikuwa anafanya miujiza. Kyoto walipanda wote kutafuta bao, wakaacha nyuma uwanda mtupu, na yule mrefu mwenye hatua mbili kwa moja ya beki akawa anaingia humo kila mara, anatulia, anaweka kwa mguu wa kushoto. Lilipofika la sita nikaacha kushangilia, nikaanza kumwonea huruma kipa. Watu wa Kashiwa hawakuwa na huruma hiyo: kila bao waliimba upya kana kwamba ndilo la kwanza. Mashabiki wa Kyoto nao, pale kona yao, waliimba mpaka filimbi ya mwisho. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko mabao.

Amemaliza msimu na mabao 27. Wakati wa kutoka, simu ya Kaka ikaleta habari nyingine: Yokohama FC wamewafunga Ehime 2-0 na kupanda pamoja na Kashiwa, na dakika za mwisho kaingia Kazuyoshi Miura. Ana miaka 52. Kwetu wa umri huo ni mwenyekiti wa tawi.

Hatukukaa. Treni ya Joban hadi Shin-Matsudo, ya Musashino hadi Higashi-Kawaguchi, kisha kituo kimoja tu hadi Urawa-Misono, tukila onigiri, matonge ya wali, za dukani kwa kujificha kidogo. Saa moja usiku ilikuwa fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa ya Asia: Urawa Reds na Al Hilal ya Riyadh. Al Hilal walishashinda ya kwanza 1-0.

Uwanja wa Saitama una watu zaidi ya elfu 58, na karibu wote wekundu. Kabla ya timu kutoka, jukwaa zima la upande wa kaskazini liligeuka picha moja kwa karatasi zilizoinuliwa kwa pamoja. Sijawahi kuona sauti kubwa kiasi kile yenye nidhamu kiasi kile. Kisha mpira ukaanza na ikaonekana wazi nani mkubwa. Salem Al-Dawsari alifunga kipindi cha pili, Bafétimbi Gomis akamalizia dakika za nyongeza. 2-0, jumla 3-0, na pembeni kona moja ya bluu ikawa inaruka huku elfu hamsini na kitu wamekaa.

Cha ajabu ni kwamba hawa waliofika fainali ya bara, kwenye ligi ya nyumbani wako chini wanatapatapa wasishuke. Nimeuliza inawezekanaje. Kaka kasema Urawa ni timu ya usiku wa Jumatano. Sijaelewa vizuri, lakini nimecheka.

Jumatatu, 25 Novemba

Miguu inauma. Kaka kaenda darasani. Papa Francisko yuko mjini, ana misa Tokyo Dome, na polisi wamejaa kila njia panda. Nimenunua gazeti la michezo nisiloweza kulisoma kwa sababu lina picha ya Olunga, na muuzaji, alipoona nalitazama, akaninyooshea vidole vinane.

Jumanne, 26 Novemba. Hongo na Sendagaya

Makumbusho ya mpira yako chini ya jengo la shirikisho, Hongo. Kunguru mwenye miguu mitatu yuko kila mahali, ndiye nembo ya timu ya taifa. Nimekaa sana mbele ya kombe la dunia la wanawake la 2011. Mwaka ule tetemeko na tsunami vilipiga kaskazini mwezi Machi, na Julai wanawake wakaifunga Marekani kwa penalti kwenye fainali ya Frankfurt.

Jioni tukaenda Sendagaya kutazama Uwanja wa Taifa mpya kupitia uzio. Mafundi wanamalizia, mbao zimepangwa safu juu ya safu chini ya mapaa, na miti midogo imepandwa kwenye roshani. Ule wa zamani ulibomolewa, na hapa ndipo ligi ilipozaliwa, Mei 15, 1993: Verdy Kawasaki na Yokohama Marinos, watu 59,626. Marinos walishinda 2-1. Miaka ile zilikuwa timu kumi tu, na walioletwa kuzipamba walikuwa wazee wenye majina, Zico kule Kashima, Lineker kule Nagoya, Littbarski kwa JEF.

Mtindo huo haujaisha. Iniesta yuko Vissel Kobe hivi sasa, pamoja na Villa na Podolski, na Fernando Torres alistaafu Agosti hii akiwa Sagan Tosu, kwa kipigo cha 6-1 kutoka kwa haohao Kobe. Mimi nadhani nyota hawa wanauza tiketi ya kwanza. Ya pili inauzwa na kitu kingine.

Jumatano na Alhamisi, 27 na 28 Novemba. Shizuoka

Basi la barabara ya Tomei, kwa sababu treni ya kasi ingekula pesa ya chakula. Mlima Fuji ulijificha mawinguni siku ya kwanza, siku ya pili ukatoka wote, mweupe juu.

Nilitaka kuona Shimizu. Katika zile timu kumi za 1993, S-Pulse ndio pekee ambao hawakutoka kwenye timu ya kampuni. Mji ulikuwa tayari umeshiba mpira wa mashuleni, ukaamua kuunda klabu yake. Ukitoka stesheni, barabara ina rangi ya chungwa kama vile kuna sikukuu, na hakuna mechi. Kinyozi ana picha ya kikosi. Duka la samaki lina picha ya kikosi. Tulikula bakuli la tuna karibu na bandari, na mama mwenye duka aliposikia tunatoka Afrika akauliza kama tunamjua "Orunga". Nikamwambia ni jirani yetu. Kaka akatafsiri, mama akaongeza samaki. Kumbe ujirani una faida.

Upande wa pili wa mkoa kuna Júbilo Iwata, timu iliyotokana na Yamaha, waliokuwa wababe mwanzoni mwa karne hii. Sasa wako mkiani kabisa. Mama huyo hakuonekana kuwahurumia. Utani wa jadi haujui huruma, hata kwa kunong'ona.

Jumamosi, 30 Novemba. Kawasaki

Raundi ya 33, na mechi mbili kubwa saa ileile. Tokyo na Urawa kule Ajinomoto. Kawasaki Frontale na Marinos kule Todoroki. Kaka alitaka Ajinomoto. Nikamwambia aliye juu ndiye anayefuatwa. Akakubali kwa sharti kwamba mimi ndiye nitanunua chakula.

Tumeshuka Musashi-Kosugi, mahali penye maghorofa marefu ya kifahari. Oktoba 12, kimbunga Hagibis kilileta maji hadi kwenye mitambo ya umeme chini ya baadhi yake, na watu wa ghorofa za juu wakawa wanapanda ngazi kwa miguu. Leo hakuna dalili, isipokuwa matope makavu kwenye ukingo wa mto.

Frontale wamechukua ubingwa 2017 na 2018, na mwezi uliopita wamebeba Kombe la Levain, kombe la ligi, kwa penalti. Ndio mabingwa watetezi, wako kwao, na tulikaa katikati yao. Dakika ya nane Teruhito Nakagawa akafunga. Huyu Nakagawa ni mfupi kuliko watoto wengi wa sekondari, na anakimbia kwa namna ambayo beki anaonekana kila mara amechelewa kuamka. Baada ya mapumziko Erik akaongeza, kisha akaongeza tena. Leandro Damião akarudisha moja, uwanja ukaamka kwa dakika chache, kisha Keita Endo akafunga la nne. 4-1, ugenini, kwa mabingwa.

Kocha wao ni Ange Postecoglou, Mwaustralia aliyezaliwa Ugiriki. Mwaka jana, msimu wake wa kwanza, Marinos walimaliza wa kumi na mbili na walikuwa karibu na shimo la kushuka. Alikuwa anawaambia mabeki wa pembeni waingie katikati kama viungo, kipa asimame mbali na goli lake, kila mtu apande. Wakifunga wanafunga mengi, wakifungwa wanaonekana wajinga. Kilichonivutia ni kwamba hawakumfukuza. Dar angekuwa ameshapewa tiketi ya ndege kabla ya Pasaka.

Na kule Ajinomoto? 1-1. Urawa walitangulia, Tokyo wakasawazisha. Kaka alizima simu, akaiwasha, akaizima. Nane za ugenini waliziweza, mbili za nyumbani zimewatoa sare zote. Sasa sitaki tena kusikia habari za raga.

Hesabu: Marinos 67, Tokyo 64, na Jumamosi ijayo wanakutana wao kwa wao Yokohama. Marinos wana mabao saba ya ziada kwenye tofauti. Tokyo ili wawe mabingwa lazima washinde kwa tofauti ya mabao manne.

Jumanne, 3 Desemba. Mitsuzawa

Siku za katikati ya wiki hazina mengi. Kufua, kutembea, kula.

Leo tumekwenda Mitsuzawa, uwanja wa zamani mlimani Yokohama, kwa sababu nilitaka kujua ile herufi F kwenye jina la Marinos. Mji huu ulikuwa na timu mbili: Marinos wa Nissan na Flügels, ambao mmoja wa wenye fedha wao alikuwa shirika la ndege la ANA. Oktoba 1998 fedha zikakauka, makampuni yakakaa mezani, ikatangazwa kwamba Flügels wataunganishwa na Marinos. Wachezaji walisikia pamoja na mashabiki. Wakaingia Kombe la Mfalme wakijua kwamba wakifungwa tu, timu imekufa siku hiyo. Hawakufungwa. Walishinda zote hadi fainali ya Januari 1, 1999, 2-1 dhidi ya Shimizu, wakapokea kombe, na klabu ikafungwa.

Herufi F ndiyo iliyobaki. Mashabiki wengi waliikataa, wakachangishana na kuanzisha Yokohama FC, wakaanza madaraja ya chini. Ndio haohao waliopanda juzi na mzee wao wa miaka 52. Basi lile somo la Kaka la Kashiwa lina upande wake mwingine: jina la mji lilikuwepo, lakini kalamu ilibaki kwa makampuni. Na bado iko huko. Nissan ndio wenye hisa kubwa Marinos, Rakuten wako Kobe, na Julai mwaka huu Kashima wametangazwa kuuzwa kwa kampuni ya Mercari. Nilimwambia hivyo. Akasema: "Lakini umeona wenyewe walifanya nini walipoporwa." Hapo sikuwa na jibu.

Jumamosi, 7 Desemba. Yokohama

Baridi ya leo ni ya kuuma meno. Kaka kanipa vile vifuko vya moto vya kubandika ndani ya shati, nimebandika viwili mgongoni na kimoja tumboni, na mkononi nina kopo la kahawa ya moto kutoka kwenye mashine ya barabarani. Kutoka stesheni ya Shin-Yokohama mpaka uwanjani ni mto wa watu, bluu kwa bluu, maana timu zote mbili zina bluu.

Nissan Stadium ndipo Brazil walipoifunga Ujerumani 2-0 mwaka 2002, na ndipo Afrika Kusini walipoibwaga Uingereza 32-12 kwenye fainali ya raga mwezi uliopita. Kwa mpira wa miguu si uwanja mzuri, niseme ukweli. Njia ya kukimbilia inakuweka mbali, na ukikaa nyuma ya goli, lile la mbele unaliona kwa kubahatisha. Baada ya Hitachi-dai nimeshaharibika. Lakini wamejaa 63,854, na wametangaza kwamba hakujawahi kuwa na mechi ya ligi iliyojaza hivi. Rekodi ya zamani ilikuwa hapahapa, mwaka 2013, Marinos walipohitaji ushindi mmoja katika mechi mbili kuchukua ubingwa, wakakosa zote. Kwa hiyo upande wa nyumbani, pamoja na mabao yote ya akiba, watu wa makamo wana nyuso za wasiwasi. Hawajachukua ligi tangu 2004.

Tokyo walianza kwa kukimbia. Dakika ishirini za kwanza walikuwa bora, na kona yao ya wageni iliimba wimbo uleule unaoimbwa Liverpool. Dakika ya 26 Thiago Martins, beki, alipiga mpira ambao ungepita kwa kawaida yake. Ukamgonga mtu wa Tokyo, ukapaa, ukamshinda kipa na kudondoka wavuni. Kaka akafunga macho. Mabao manne waliyohitaji Tokyo yakawa matano. Dakika ya 44 Erik akafunga la pili, na kwa kweli ubingwa uliishia hapo, kabla ya watu kwenda kununua tambi za kukaanga.

Kipindi cha pili kingelala kama si Park Il-gyu. Huyu ni kipa wa Marinos, na mwaka jana tu alikuwa bingwa wa daraja la tatu na FC Ryukyu ya Okinawa. Kazi yake katika mfumo huu ni kusimama mbali na goli na kufagia. Dakika ya 67 alitoka kufagia, akamchota mshambuliaji nje ya eneo lake, kadi nyekundu. Wakabaki kumi. Timu nyingine yoyote ingerudi nyuma na kuhesabu dakika. Hawa dakika ya 77 wakiwa pungufu wakafunga la tatu: Endo alichukua mpira upande wa kushoto, akakimbia nao peke yake, akapiga. Nikasimama na kupiga makofi. Nilikuwa nimekaa upande usio na ushabiki, lakini hata ningekuwa kwa Tokyo ningesimama.

3-0. Pointi 70, ubingwa wa nne wa ligi. Postecoglou alirushwa juu na wachezaji wake, mwili ule, nikawaogopea migongo.

Nilichokitazama zaidi ni upande wa pili. Wachezaji wa FC Tokyo walitembea kwa mstari hadi kwenye kona ya watu wao, wakainama. Niliwaza sasa zitaanza chupa. Zilianza nyimbo. Nyuma yangu kijana mwenye skafu ya Tokyo alikuwa analia huku anakusanya vikombe vya safu nzima kwenye mfuko, vyake na visivyo vyake.

Júbilo na Matsumoto wameshuka. Shonan wanakwenda kwenye mchujo.

Jumapili, 8 Desemba. Narita

Tuzo za msimu zinatolewa jioni. Mchezaji bora ni Nakagawa, na ufungaji bora kagawana na mwenzake Marcos Júnior, mabao 15 kila mmoja. Olunga hayumo kwa sababu J2 ni ukumbi mwingine. Kaka kanisindikiza hadi langoni. Ameniambia atanunua tiketi za Kashiwa za mwaka mzima, nyuma ya goli, upande wa njano. Nikamuuliza: Cairo je? "Cairo tutalipa," akasema, "lakini Februari anacheza ligi kuu na mimi nakaa dakika ishirini kwa miguu."

Nyongeza, Januari 2021

Tiketi hizo hazikumfaa sana. Kashiwa walifungua msimu wa 2020 kwa 4-2 dhidi ya Sapporo, Olunga mawili, kisha korona ikaifunga ligi hadi Julai, na iliporudi viti vilikaliwa kwa nafasi na kuimba kukakatazwa. Katika ukimya huo Olunga alifunga 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi kuu, Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo hiyo ya pili.

Fainali ya Kombe la Levain, iliyoahirishwa kutoka Novemba baada ya wachezaji na watumishi wa Kashiwa kuambukizwa, ilichezwa Januari 4 kwenye Uwanja wa Taifa mpya. Kashiwa na FC Tokyo. Kaka alikuwemo ndani, na barakoa yake, akipiga makofi tu. Tokyo walishinda 2-1, bao la pili la Adailton kipindi cha pili. Ndiyo mechi ya mwisho ya Olunga akiwa na jezi ya njano. Amehamia Al-Duhail ya Qatar. Nilimpigia Kaka usiku huo kumpa pole. Akaniambia si lazima, kwa sababu katika wale watu wa Tokyo alimwona mzee mmoja wa miaka kama sabini amesimama juu ya kiti, na mhudumu wa uwanja anamwomba ashuke.